Timu Iliyocheza Mto Ukishuka

Vijana wa kisiwani wameniomba niwaandikie historia ya timu. Wanataka miaka, mabao, vikombe, na picha kama ninazo. Sina picha. Mabao nayakumbuka, lakini kila nikianza kuyataja najikuta nimefika mahali pengine, na huko ndiko nitakakowapeleka. Wakipenda wasome, wasipopenda wakaulize wengine. Shida ni kwamba wengine hawapo. Kati ya watu wa timu ya kabla ya uhuru nimebaki mimi peke yangu, na mimi sikuwa hata mchezaji. Nilikuwa mpiga ngoma.

Kisiwa chetu kiko chini ya Kisangani, upande wa kuelekea Yanonge. Mto ukijaa, nusu ya kisiwa huzama, na watu hupandisha magodoro juu ya boriti. Uwanja wa mpira wa kweli hatukuwa nao. Tulikuwa na mchanga unaojitokeza mto ukishuka, kwenye ncha ya chini, mchanga mpana ulioinama kidogo kuelekea majini. Kwa hiyo mashindano yetu hayakufuata kalenda ya mapadre wala ya Wabelgiji. Maji yakishuka tulicheza, yakipanda tulirudi kuwa wavuvi. Timu za mjini zikija kwetu zililalamika tangu zinashuka kwenye mitumbwi: goli la chini liko hatua kumi tu kutoka mtoni, mpira ukipita haurudi, miguu inazama. Tuliwaacha waseme. Malalamiko yao yalitupa bao la kwanza kabla filimbi haijalia.

Mwanzilishi alikuwa tonton, kaka yake mama. Ujanani alifanya kazi kwenye meli, akisimama mbele na mti mrefu kupima kina cha maji, na fundi mmoja Mzungu wa meli hiyo alimpa mpira wa ngozi uliochakaa. Akarudi nao kisiwani akiwa ameukumbatia. Mechi ya kwanza ilikuwa ng'ambo, dhidi ya vijana wa misheni. Jua lilikuwa kali, na kuvuka mto kulichukua muda, basi vijana wetu wakajifunga majani ya mchikichi kichwani ili ubongo usichemke. Walifika hivyo hivyo, wamesimama kwenye mtumbwi, kasia ndefu mkononi, wanaimba. Padre alicheka mpaka akashika tumbo. Tukawafunga matatu bila.

Tonton hakuwa mtu wa kuamini dawa za mpira, lakini hakuwa mjinga wa kuvua majani baada ya ushindi. Tangu siku ile ikawa sheria: timu yetu haiendi kwenye mechi bila majani kichwani, haikai chini ndani ya mtumbwi, na hainyamazi mpaka ikanyage nchi kavu. Watu wa mjini walikuja bichi, kwenye maegesho ya mitumbwi, kutuona tukifika, hata wale wasiojali mpira.

Na wachezaji walijuaje kwamba kuna mechi, wakati mmoja yuko kwenye nyavu zake, mwingine kambini kwa wavuvi, mwingine sokoni Isangi? Kwa lokole, ile ngoma ya gogo lililochimbwa tumbo, ambayo papa, baba yangu, aliniachia pamoja na fimbo zake mbili. Ambaye hakukulia mtoni hudhani lokole inasema chochote unachotaka. Haisemi. Ina misemo yake mirefu iliyopangwa na wazee, na mpigaji huchagua msemo, habuni maneno. Tonton na papa walikaa wiki nzima kupanga msemo wa timu, nao ulikuwa mmoja tu: wana wa mchanga, maji yameshuka, vaeni, simameni, njoni. Baadaye ilifuata sauti ya jina la ngoma la kila mchezaji, moja moja. Mtu akisikia jina lake aliacha alichokuwa anafanya. Nimeona mtu akiacha samaki motoni.

Mdogo wangu, aliyeniita yaya kama kwetu mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, alikuwa kipa. Alikuwa na mikono mirefu kupita kiasi, na mama alipenda kusema kwamba alipomzaa ilitangulia mikono, mtoto akafuata. Mechi ya uhuru tulicheza mchangani kwetu, na timu kubwa ya mjini. Siku zile tulikuwa tumetupa jina la mtakatifu tulilopewa na misheni, na fundi cherehani mmoja wa mjini, Mwislamu wa zile familia za zamani za wafanyabiashara, alitushonea jezi za kijani kwa kuwa kitambaa cha rangi nyingine kilikuwa kimekwisha kwa watu kushona bendera. Dakika za mwisho, bila kwa bila, refa akawapa penalti. Mdogo wangu alisimama kwenye goli la chini, mto nyuma yake, akawauliza kwa sauti: "Munataka mupira yenu iende kuogelea?" Akaudaka kwa mkono mmoja. Watu wakamwinua, wakamtumbukiza mtoni na jezi yake. Nililia kwa furaha mbele ya watu, mimi mtu mzima. Sijawahi kufurahi tena namna ile, na nikiikumbuka siku ile leo najisikia hasira, kama mtu aliyedanganywa.

Maana mambo yaliharibika haraka. Meli zikapungua, chumvi ikaadimika, watu wa mjini wakaanza kuulizana nani ni wa chama gani. Tonton akafa kwa ugonjwa wa kifua. Kisha waasi wakauteka mji. Walikuwa vijana kama wa kwetu, wengi wadogo kuliko wa kwetu, na walijifunga majani kichwani na kunyunyiziwa maji ili risasi zisiwapate. Walipokuja kisiwani na kusikia desturi ya timu yetu walifurahi sana. "Ninyi mulianza zamani kuliko sisi," mmoja alituambia. Tulicheka nao. Ungefanya nini? Walikuwa na bunduki.

Wiki chache baadaye walimlazimisha mpiga ngoma wa ng'ambo apige msemo wa kugawana nyama. Wanaume walikwenda na vikapu, wakachukuliwa wote kwenda vitani. Wawili walikuwa wachezaji wetu, na hawakuonekana tena. Toka hapo hakuna aliyeamini ngoma. Ukipiga msemo wa msiba, watu wanakimbilia porini. Mdogo wangu na wenzake saba waliingia kwenye mkono mdogo wa mto, ng'ambo, mahali ambapo msitu unafunika maji, na hawakutoka. Jeshi lilipourudisha mji hawakutoka vilevile, kwa sababu sasa askari nao waliwatafuta vijana, wakidai kila kijana ni mwasi.

Mto uliposhuka, mama mmoja aliyekuwa akiwapelekea mihogo kwa siri alikuja na habari. Mdogo wangu alikanyaga kisiki. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, unanuka, na homa haimwachi. Mama yangu alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Mutoto yangu ataoza mu pori," alisema, "na wewe uko unakaa tu na ngoma yako? Umuite."

Nilivuka peke yangu kwenda bichi ya ng'ambo, ambako askari walikuwa wamefungua kambi. Nilikwenda roho mkononi. Ofisa wao hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo, ingawa ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Alinipa kigoda, akanisikiliza.

"Bon," alisema. "Siko na palabre, siko na ugomvi na watu ya kisiwa. Vijana yote wakuye hapa mu mwangaza, bila bunduki. Tutabaandika, tutabapa karatasi. Mwenye iko mugonjwa, infirmier ataangalia mguu yake. Donc, wewe utabaita."

Mganga wa jeshi nilimwona kwa macho yangu, ameketi mbele ya sanduku lake, anamfunga mtoto bandeji. Nikajua mguu ule ungepona.

Nikiwa bado pale bichi, alifika mvuvi mmoja mzee kutoka upande wa Yanonge, amemleta mkewe kuuza mboga ya pondu. Alikuwa amejitia jani la mgomba kichwani kwa sababu ya jua. Askari wawili walimrukia kabla hajafunga kamba ya mtumbwi. Walilirarua lile jani, wakampiga kwa kitako cha bunduki, wakimwuliza maji yake ya dawa yako wapi. Ofisa alitoka akawakemea. Lakini niliziona nyuso za wale askari. Walikuwa wanaogopa. Walikuwa wamewaona watu wenye majani wakiwajia wakiimba, wamesimama wima bila kukimbia risasi, na hofu hiyo ilikuwa haijawatoka. Mzee alikaa kwenye mchanga anafuta damu. Mimi nikapanda mtumbwi wangu nikarudi.

Njiani niliwaza, sitasema sikuwaza. Msemo gani nipige? Wa nyama wasingeuamini, wa msiba wasingeuamini. Mmoja tu ulikuwa haujachafuliwa, kwa sababu waasi hawakuujua na askari hawakuujua: ule wa timu. Mdogo wangu akisikia ule, na jina lake likifuata kwa mkono wangu, angejua ni mimi na si mtu aliyeshikiwa kisu. Lakini msemo wenyewe unasema vaeni, simameni. Ukiyatoa maneno hayo, si msemo tena, ni ngoma ya mtu anayekosea, na kule porini wangejua mara moja kwamba kuna mtego. Na ukiupiga mzima, watakuja na majani. Kumtuma yule mama wa mihogo awaeleze, nilimwuliza. Alikataa, askari walikuwa wamefunga njia ya nchi kavu.

Nikajiambia: nitamwambia ofisa. Nitafika bichi mapema, nitamweleza kwamba ni mchezo, ni desturi ya mpira, awatulize watu wake. Jambo dogo.

Nilipiga asubuhi, ukungu ukianza kuachia maji, wakati ambapo sauti inakwenda mbali. Nilipiga msemo mara tatu. Kisha majina manane, la mdogo wangu mwisho. Baada ya jina lake niliongeza ule msemo wa zamani unaosema vita vimelala. Mama alikaa kando yangu, ameshika kitambaa chake kinywani. Halafu kutoka ng'ambo, mbali sana, tukasikia mtu anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia mara nne. Ndivyo walivyojibu siku zote. Mama alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Nikavuka kwenda bichi. Ofisa alikuwa anakunywa chai.

"Alors? Wanakuya?"

"Wanakuja, mon commandant."

"Wako wangapi?"

"Wanane. Mmoja mgonjwa."

"Hakuna bunduki?"

"Hakuna."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa yameshapangwa mdomoni. Nikamtazama, nikamtazama yule askari aliyempiga mzee wa jani, na nikaogopa. Nikikiri kwamba vijana wangu watakuja na majani, si atadhani ni waasi kweli? Si atasema, kumbe ndiyo maana walijificha? Si atafuta ahadi yake, na mganga afunge sanduku? Nikafikiri, watashuka kwenye mkono wa mto, wataona askari, watavua wenyewe. Nikafikiri, pengine porini wamesahau mambo ya majani. Mtu anayeogopa hakosi cha kufikiri. Nikanyamaza.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Wimbo wetu ulikuja juu ya maji, sauti saba za wanaume ambao hawakuwa wameimba kwa miezi mingi, na ulikuwa mzuri, sijui kwa nini nalazimika kuandika hivyo, lakini ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Kisha mtumbwi ukatoka nyuma ya majani ya ukingoni. Saba wamesimama. Wote wana majani. Wengine walikuwa wamevaa jezi zao za kijani, zimechanika, walikuwa wamekaa nazo kule muda wote ule. Walipotuona wakapandisha sauti, kama tulivyofanya zamani mbele ya watu wa mjini.

Hakuna aliyetoa amri. Ofisa alikuwa bado na kikombe mkononi. Nilikimbilia majini nikipiga kelele, nikipunga mikono, na sidhani kama kuna aliyenisikia, kwa sababu hata mimi sikujisikia. Wale waliosimama walianguka, wengine mtoni, wengine ndani ya mtumbwi. Wawili waliruka wakazama, wakatokea chini mbali, wakaishi. Watano hawakuishi. Mtumbwi ulikuja taratibu wenyewe, ukagota kwenye mchanga mbele ya magoti yangu.

Mdogo wangu alikuwa chini kabisa, amelala chali, kwa sababu mguu haukumruhusu kusimama. Wenzake walikuwa wamemwangukia. Yeye peke yake hakuwa na jani. Alinitazama, wala hakulia. Alisema tu, "Yaya, ulituita."

Ofisa alinivuta pembeni, kikombe amekitupa. "Juu ya nini walivaa majani? Juu ya nini hukuniambia?" Alirudia mara mbili. Wa kisiwani hakuna aliyekuwepo kusikia. Akina mama walikuwa kwenye mchanga wa upande wetu, na kutoka kule waliona tu moshi na mtumbwi.

Mganga aliukata mguu chini ya goti, na akaokoa maisha yake. Kwa hiyo nilipata nilichokitaka: mdogo wangu hakuozea porini. Alipoweza kutembea kwa fimbo alipanda boti iliyokuwa inateremka, hakuniaga. Tukasikia yuko Basoko, anashona nyavu, ameoa. Mama alikwenda kumwona kila mwaka hadi alipokufa. Kila akirudi nilimwuliza kama alinitaja. Mama alikuwa mkweli, alisema hapana.

Timu haikucheza. Misimu mitatu mchanga ulitoka na kuzama bila mtu kuchimba goli. Walioirudisha baadaye ni vijana wengine, na waliirudisha bila majani na bila kusimama, wanavuka kwa injini. Wanajiita mabingwa, sawa. Kwenye orodha yao ya historia wameandika kwamba wachezaji watano walikufa katika uasi, na mimi nimeandikwa kama mwanachama wa heshima.

Nilikaa miaka mingi bila kwenda Basoko. Nilikuwa na sababu nyingi, nyavu, mvua, mgongo. Mwishowe nilikwenda kwa sababu nilizeeka, nikaogopa kufa kabla yake. Boti ilinishusha mchana. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, wavu mapajani, nywele nyeupe, ile mikono mirefu ikifanya kazi bila yeye kuitazama. Alinitambua mara moja. Alinyoosha kidole kwenye kiti.

Alishona. Nilizungumza habari za kaburi la mama, akaitikia. Kisha akaweka sindano chini.

"Yaya, niko na neno moja tu. Miaka yote niko nayo." Alisema polepole. "Siku ile, kabla wewe upige. Ulikuwa unajua basoda ya kambi ile wanaogopa majani?"

Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya hilo hilo. Jibu nililiombea njia nzima, nililisema peke yangu juu ya boti mpaka watu wakanitazama. Ndiyo, leki, mdogo wangu. Nilimwona yule mzee akipigwa. Nilipaswa kusema, nikanyamaza.

"Sikujua," nikasema.

Alivuta pumzi ndefu sana, na mabega yake yakashuka. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Nilikuwa namuambia muke yangu," alisema, "yaya hakujua. Angejua, angesema." Akanishika mkono, mimi niliyedhani hatanigusa tena. Kisha akageuka kuelekea jikoni, akaita kwa sauti ya zamani, ile ya golini, kwamba waharakishe chakula, yaya yake amefika na ana njaa.

Wakaleta samaki, ngolo mkubwa wa liboke, bado anatoa mvuke ndani ya majani yake. Mdogo wangu alimkata mwenyewe. Kwetu kichwa ni cha mkubwa. Akakiweka kwenye sahani yangu, akangoja nianze, na mimi nikakila.